Flamenco ya chumba kidogo: tablao, penya au pango? (Uzi wa wanaopita Hispania)

#1 Kisigino
Wakuu, salaam.

Naleta dai, mlichambue. Ukiwa na usiku mmoja tu Andalusia, kusini mwa Hispania, na unataka flamenco, ule muziki wa kuimba, gita na kucheza kwa miguu, tafuta chumba cha watu wasiozidi mia, kisicho na maiki, chenye mbao chini ya miguu ya mchezaji. Ukumbi mkubwa wenye spika utakuonyesha magauni na taa, lakini ule mkwaruzo wa koo la mwimbaji, na ile pumzi anayoivuta kabla ya kuanza mstari, haufiki kiti cha nyuma.

Vyumba vya namna hiyo viko vya aina tatu. Tablao ni nyumba ya biashara: jukwaa la mbao, wasanii wanaolipwa kila usiku, maonyesho mawili au matatu kwa jioni moja, kila moja kama saa nzima au na robo juu yake. Penya ni klabu ya wanachama wanaoipenda flamenco. Ina baa yake, na usiku wa onyesho mgeni huingia kwa kiingilio kidogo, pengine bure. Mapango ni yale ya mtaa wa Sacromonte, Granada.

Maswali mawili. Kwa nini chumba kidogo kinabadilisha mambo kiasi hiki? Na anayekwenda kwa mara ya kwanza achague kipi?

#2 Mgeni Njoo
Uzi umenifikia kwa wakati wake. Mwezi wa kumi nitakuwa Sevilla usiku mbili, Granada mmoja. Naombeni bei, saa, mahali pa kukaa, na mambo yanayomwaibisha mgeni.

#3 Mama Sevilla
Karibu Mgeni. Sevilla ya katikati, onyesho lisilo na chakula ni kama euro 20 hadi 30. Madrid bei iko juu zaidi, mara nyingi 40 na kuendelea pamoja na kinywaji kimoja. Ushauri wangu wa kwanza: usinunue tiketi ya chakula. Kula kabla. Kwenye meza za chakula mhudumu anapita mbele yako katikati ya wimbo, vijiko vinalia, na jirani yako anakata nyama wakati mwimbaji analia msiba.

Casa de la Memoria, mtaa wa Cuna, ni viti tu na jukwaa, hakuna maiki. Los Gallos iko uwanja wa Santa Cruz tangu 1966. Jumba la makumbusho la Museo del Baile Flamenco, lililoanzishwa na mchezaji Cristina Hoyos, nalo lina onyesho kila jioni. Yote matatu unatembea kwa miguu kutoka kanisa kuu.

Mahali pa kukaa: tazama kwanza kimo cha jukwaa. Likiwa juu kufikia kifua chako ukiwa umekaa, safu ya kwanza inakunyima miguu, utaona magoti kwenda juu. Hapo safu ya tatu ni bora. Likiwa chini, usawa wa magoti yako, kaa mbele kabisa. Nyumba nyingi hazina namba za viti, anayewahi ndiye anayechagua, kwa hiyo fika dakika 40 kabla. Na kwenye nyua za kale za Sevilla chunga nguzo. Nguzo moja ya marumaru inaweza kukuficha mpiga gita usiku kucha.

#4 Fundi Sauti
Kwa swali la kwanza la Kisigino, jibu langu ni sauti yenyewe.

Mchezaji akifika kwenye escobilla, ile sehemu ndefu ya miguu, anapiga mapigo mengi ndani ya sekunde moja na kila pigo lina rangi yake. Ncha ya kiatu ni kavu na nyembamba, kisigino ni kizito, unyayo mzima unatingisha ubao. Viatu vimepigiliwa misumari midogo kwa wingi, mbele na nyuma. Sasa sauti kali na fupi namna hiyo ukiitia kwenye ukumbi wenye mwangwi wa sekunde mbili, pigo la kwanza linakuwa bado halijafa na la kumi limeshafika. Inabaki ngurumo. Chumba kidogo kilichojaa watu kina mwangwi mfupi, maana miili na nguo zinanyonya sauti, na kila pigo linasimama peke yake.

Halafu maiki za sakafuni. Mguu uko mbele yako, spika iko juu ukutani. Jicho linaambiwa hapa, sikio linaambiwa kule. Baada ya dakika ishirini msikilizaji amechoka na hajui kwa nini.

Jukwaa lenyewe nalo ni ala. Mbao zinawekwa juu ya fremu na chini kunaachwa uwazi, kwa hiyo linalia. Mahali wanapocheza juu ya vigae vilivyolazwa kwenye zege hupati sauti, na magoti ya mchezaji yanaumia.

#5 Nyuzi Sita
Fundi, hayo sikatai, ila umemsahau aliyekaa na gita. Kwangu mimi sababu ni umbali kati ya wasanii wenyewe, msikilizaji anafuata baadaye.

Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kwenye jukwaa kubwa mwimbaji akiwa mita 8 kutoka kwa mchezaji, sauti inachelewa kama sehemu 24 za elfu ya sekunde. Utasema si kitu. Lakini buleria, mtindo wa kasi, ikikimbia mapigo 240 kwa dakika, pigo moja ni robo sekunde, na makofi ya kujibu yanaingia katikati ya robo hiyo. Ukigawa pigo kwa tatu, kama wanavyofanya, kila kipande ni sehemu 83 za elfu. Ucheleweshaji wa 24 hapo unasikika. Ndiyo maana majukwaa makubwa yanahitaji spika za kuwarudishia wasanii sauti zao, na kila mtu anamsikia mwenzake kupitia mashine. Tablao ya mita nne au tano wamekaa bega kwa bega.

Hiyo inahusu nini? Inahusu kwamba hawakariri. Chukua alegrias, mtindo wa Cádiz. Gita linaanza. Mwimbaji anaingia na "tirititrán" yake kupasha koo na kuweka funguo. Anaimba ubeti, mchezaji anatembea na mikono, miguu kidogo. Ubeti ukikaribia kuisha mchezaji anafunga kwa pigo kali. Akitaka kuhamia sehemu nyingine anapiga llamada, yaani anaita kwa miguu: mfumo wa mapigo unaomwambia mpiga gita na mwimbaji "jiandaeni". Inafuata silencio: gita peke yake, polepole, limehamia funguo ya huzuni, mwimbaji kimya. Kisha kaubeti kafupi, kisha escobilla inayoanza taratibu na kupanda mpaka inachemka, na mwisho wanatokea kwa buleria ya Cádiz. Mifupa hii kila mtu anaijua. Lakini beti ngapi, escobilla ndefu kiasi gani, wapi pa kusimama, vyote vinaamuliwa palepale. Pengine wasanii hao wamekutana nusu saa kabla.

Ukikaa karibu, mwangalie mpiga gita. Haangalii nyuzi zake. Macho yako kwenye miguu na nyonga za mchezaji, anasubiri llamada. Hilo kwenye ukumbi wa watu elfu huwezi kuliona.

#6 BintiKibokoni
Hesabu hizi zimenoga, endeleeni hivyo hivyo. Fundi na Nyuzi Sita mkipewa kikokotoo kimoja mtakigombania.

Swali langu mie wa pwani. Huku kwenye taarabu mtu akiguswa na ubeti anainuka kwa madaha, anakwenda kumtunza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Kule je? Na vigelegele?

#7 Kisigino
Dada, usiinuke na usitunze jukwaani. Mchezaji akiwa kazini hakuna anayemkaribia, na noti sakafuni itamtelezesha. Kwenye baa za bure, kama La Carbonería ya Sevilla, shukrani yako ni kununua kinywaji.

Vigelegele havipo, lakini kimya cha kanisani nacho si sharti. Kuna maneno ya kutia moyo, yanaitwa jaleo: "ole", "eso es", "vamos", hata "agua". Kazi iko kwenye wakati wa kuyasema. Subiri mwimbaji afunge mstari na kushusha pumzi, au mchezaji apige pigo la kufungia. Sema kwa sauti ya mazungumzo, si ya uwanjani. Usiseme katikati ya sauti aliyoivuta, na kwenye silencio nyamaza kabisa. Asiye na uhakika awaache wanaojua waseme, apige makofi mwisho.

Penya ni kali zaidi. Ikiimbwa siguiriya, wimbo wa msiba na jela, penya iliyo makini husimamisha hata baa: hakuna glasi inayogongwa, mashine ya kahawa imezimwa. Ukiingia umechelewa, simama mlangoni mpaka wimbo uishe ndipo utafute kiti.

Simu: tablao nyingi zinakataza picha mpaka dakika chache za mwisho, na wanatangaza. Penya hata kama hawakukataza, usiinue skrini yenye mwanga mbele ya mtu aliyefumba macho anaimba.

#8 Mzee wa Kumbukumbu
Nimewasoma wote kwa raha. Nina pingamizi kwa dai la #1, au tuseme kwa harufu yake, kwamba chumba kidogo ndiko "asili" na jukwaa la kulipia ni uharibifu.

Flamenco iliyoandikwa kwenye kumbukumbu ilikulia kwenye biashara. Nusu ya pili ya karne ya 19 kulikuwa na café cantante: ukumbi wenye vinywaji, jukwaa la mbao, wasanii wa mshahara. Silverio Franconetti (1831–1889), mwimbaji mkubwa wa zama zile, aliendesha ya kwake Sevilla. Mitindo mingi tunayoiita ya kale iliwekwa sawa humo, mbele ya wateja. Tablao za kisasa zimefuata njia hiyo kuanzia miaka ya 1950. Corral de la Morería ya Madrid ilifunguliwa 1956. Penya? La Platería ya Granada, inayotajwa kuwa kongwe kuliko zote, ni ya 1949. Kwa hiyo kwa umri penya ni mdogo wa café cantante, na ameachwa mbali.

Na kuhusu faragha: vyumba vidogo kabisa vilikuwa vile ambamo mabwana wenye mashamba waliwakodi waimbaji usiku kucha. Msanii aliimba mpaka alfajiri bila kujua atalipwa nini, kwa kuwa malipo yalikuwa hiari ya bwana. Faragha ile ilikuwa na njaa ndani yake. Tablao yenye mkataba na saa ya kumaliza iliwapa watu wengi mkate wa uhakika. Tukisifu chumba kidogo tusiisahau hiyo.

#9 Fundi Sauti
Mzee, historia yako naipokea nzima, lakini haijibu kwa nini sikio linafurahi. Café cantante nayo ilikuwa chumba kisicho na umeme wa spika. Biashara na faragha vinaweza kukaa nyumba moja.

#10 Mama Sevilla
Niongeze maelezo ya tatu, msiyapuuze: umakini. Umelipa, umekaa, giza, simu mfukoni, kitu kimoja mbele yako kwa saa nzima. Weka watu wale wale, wasanii wale wale, uwarudishie simu na chakula, uone kama "uchawi" utabaki. Ndiyo maana nasisitiza tiketi isiyo na chakula.

#11 Mgeni Njoo
Asanteni sana, nimeandika yote. Nilisoma mahali kwamba UNESCO waliitangaza flamenco urithi wa dunia mwaka 2010 pale Paris, na tarehe hiyo huwa kuna maonyesho ya bure. Ni kweli?

#12 BintiKibokoni
Paris tena! Ndugu yangu, kikao kilikaa Nairobi. Kamati ya UNESCO ya urithi usioshikika ilikutana Kenya Novemba 2010, na flamenco ikaingizwa kwenye orodha tarehe 16. Andalusia wanaiadhimisha tarehe hiyo kila mwaka. Heshima yetu tupewe.

#13 Mama Sevilla
Kweli kabisa. Na wiki ya tarehe 16 Novemba penya, shule za ngoma na makumbusho huweka mambo mengi, kadhaa bure. Mwezi wa kumi utakuwa umeitangulia kidogo, Mgeni, lakini msimu wa penya unakuwa umeshafunguka.

#14 Mpigaudi
Nachelewa kufika, samahanini. Mbona hakuna aliyesema la wazi? Chumba kidogo kinafaa kwa sababu muziki huu ni wa Waarabu wa Andalusia, muziki wa baraza. Sikiliza mwimbaji anavyozungusha sauti, sikiliza ile ngazi inayoshuka La ndogo, Sol, Fa, Mi. Mwenye sikio la Hijazi, ngazi ya muziki wa Kiarabu, anaitambua papo hapo. Hata lile kasha wanalolikalia na kulipiga ni la zamani hizo.

#15 Mzee wa Kumbukumbu
Bwana Mpigaudi, sikio lako ni zuri, tarehe ndizo zinazogoma. Granada ilianguka 1492. Wamorisko, Waislamu waliobatizwa na wazao wao, walifukuzwa kati ya 1609 na 1614. Flamenco kwenye maandishi inaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya 18 na kushika sura katikati ya karne ya 19. Kuna pengo kubwa la kulijaza.

Na wadai wengine wapo. Waroma, wale wanaoitwa Majipsi, ambao asili yao ya mbali ni India, wamo Hispania tangu karne ya 15, na koo zao za Jerez, Triana na Cádiz ndizo zilizobeba uimbaji huu. Nyimbo za wakulima wa Andalusia zimo, fandango ni shahidi. Waafrika weusi walikuwa wengi Sevilla karne za 16 na 17, wana udugu wao wa kidini mpaka leo, Los Negritos, na wapo wanaoisoma midundo ya tangos, mtindo mmojawapo wa flamenco, kupitia kwao na kupitia meli za Kuba. Guajira imetoka Kuba moja kwa moja. Kila mmoja ana kipande cha ushahidi mkononi.

#16 Nyuzi Sita
Kuhusu kasha: linaitwa cajón na halina hata miaka 60 ndani ya flamenco. Ni ala ya Waafrika wa Peru, watumwa na wazao wao walioligeuza sanduku kuwa ngoma. Paco de Lucía, mpiga gita mashuhuri, alilikuta Lima katika safari zake za miaka ya 1970, na mpigaji wake Rubem Dantas, Mbrazili, akaliingiza kundini. Likakubalika kwa kuwa sauti yake inafanana na mguu juu ya ubao. Penya za kihafidhina mara nyingi hulikuti: gita moja, sauti moja, makofi ya watu wawili.

Kastaneti, vile vibao vya kugonganisha vidoleni, nazo msizisubiri. Zina mahali pake, kwenye zambra, ngoma za mapangoni, na baadhi ya michezo ya siguiriya, lakini onyesho zuri la tablao linaweza kupita bila hata jozi moja.

#17 Mpigaudi
La kasha nimelipokea, shukrani. La Hijazi siliachii.

#18 Msafiri wa Jerez
Mnaizunguka Sevilla na Granada mnaiacha Jerez! Kwa mtu anayetaka kusikia kuimba, si kutazama magauni, Jerez kwanza. Mitaa miwili, Santiago na San Miguel, imetoa waimbaji kizazi baada ya kizazi.

Utaratibu wa penya, kwa asiyeujua:

Tangazo linabandikwa mlangoni na kwenye ukurasa wao wa Facebook siku chache kabla, tovuti nyingi hazisasishwi. Angalia neno "cante" (kuimba) au "baile" (kucheza). Recital de cante maana yake mwimbaji mmoja na gita moja, hakuna mchezaji. Wageni wengi wanakasirika hapo, wamekuja kuona ngoma. Tangazo likisema 21:30, yaani saa tatu na nusu usiku, jua wataanza karibu saa nne. Fika saa tatu, nunua kitu baa, msalimie aliye mlangoni, uliza mgeni akae wapi. Viti vya mbele mara nyingi ni vya wanachama. Kuna sehemu mbili na mapumziko katikati. Mwimbaji mara nyingi anaanza na mitindo mizito, buleria anaiweka mwisho. Usiondoke mapumzikoni, nusu ya pili koo limeshafunguka.

Makosa ya tarehe: Agosti penya nyingi zimefungwa, mji unaungua jua. Wiki Kuu ya kabla ya Pasaka nazo zinanyamaza, ila barabarani utasikia saeta, wimbo wa sauti tupu unaorushwa kutoka roshani sanamu ya maandamano ya kidini ikipita. Februari na Machi kuna Tamasha la Jerez: mji umejaa wanafunzi wa kila nchi, na vyumba vya kulala vinapanda bei.

Mchana ukikosa penya kuna tabanco, maduka ya kale ya mvinyo. El Pasaje ni ya 1925, chumba chembamba chenye jukwaa dogo pembeni, huhitaji tiketi. Tatizo ni watu wanaosimama na kuongea.

Kutoka Sevilla treni ni kama saa moja na kidogo. Lala Jerez. Onyesho linaisha saa sita au saba usiku na hakuna treni ya kukurudisha.

#19 Mgeni Njoo
Nasafiri na rafiki asiyegusa pombe. Kinywaji cha kwenye tiketi ni lazima kiwe mvinyo?

#20 Mama Sevilla
Si lazima. Soda, maji, juisi, vyote vimo, unasema tu unapoingia. Hata penya hakuna atakayekutazama vibaya kwa glasi ya maji yenye gesi. Kinachotazamwa ni mtu aliyekalia kiti usiku kucha bila kununua chochote, kwa kuwa baa ndiyo inayolipa kodi ya jengo.

#21 Kiumbizi
Mapango yamesahaulika, nayaleta.

Sacromonte ni mlima uliochimbwa nyumba. Pango la onyesho ni refu na jembamba, limepakwa chokaa, vyombo vya shaba vimening'inia darini. Viti vinapangwa kwenye kuta zote mbili na mchezaji anapita katikati, kwa hiyo gauni linagusa magoti yako kweli. Vuta miguu ndani, mikoba chini ya kiti. Kilicho chake ni zambra, mfuatano wa ngoma za harusi ya Waroma wa Granada: alboreá, cachucha, mosca. María la Canastera ni mojawapo ya mapango yenye jina.

Sauti: Fundi atasema mwenyewe, lakini kuta zile hazijanyooka, zinatawanya sauti badala ya kuirudisha moja kwa moja. Ubaya ni ukali. Pango limejaa, miguu iko nusu mita kutoka kwako, mtoto mdogo anaziba masikio. Mwenye mtoto akae mwisho, karibu na mlango.

Hitilafu ya kawaida ni kifurushi cha hoteli: basi dogo linakusanya watu, mnaingizwa kwa mkupuo, dakika zinahesabiwa, mnatolewa wengine waingie. Nunua tiketi ya pango lenyewe, onyesho la mwisho, upande kwa basi la mji C34 au kwa miguu kupitia Cuesta del Chapiz. Njia ni ya mawe na ngazi, viatu vya kisigino viache chumbani. Mwenye kiti cha magurudumu apige simu kwanza, mapango mengi yana ngazi mlangoni.

Na mjue kwamba wakazi wengi wa Sacromonte waliyahama mapango baada ya mvua kubwa na mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wanaocheza humo leo wengi wanapanda kuja kazini.

#22 Nyuzi Sita
Onyesho la mwisho naliunga mkono. Lile la saa moja jioni koo bado baridi, na linafuatwa na jingine, lazima waishe kwa saa. La mwisho halina anayesubiri nje.

#23 Kisigino
Hapo tunatofautiana. Mchezaji aliyemaliza maonyesho mawili anaingia la tatu na nyama za miguu zimeshachoka, atapunguza escobilla bila wewe kujua. Kwa mwimbaji chagua la mwisho. Kwa mchezaji chagua la pili kati ya matatu.

#24 Mama Sevilla
Na mimi nasema tazama orodha ya wasanii wa usiku huo kabla ya saa. Nyumba nzuri zinabadilisha wasanii na zinatangaza majina.

#25 BintiKibokoni
Tumeambiwa makofi yetu ni ya mwisho, sawa. Lakini hebu tufundisheni tuyasikie basi, tusikae kama mizigo.

#26 Kisigino
Hilo zuri. Solea, alegrias na buleria zinatembea kwenye mzunguko wa mapigo 12. Hesabu ukianzia kumi na mbili, na mazito ni 12, 3, 6, 8 na 10:

12 1 2 3 4 5 6 7 8 9 10 11

Ona umbali: tatu, tatu, mbili, mbili, mbili. Mgeni anapotea kwa sababu anasubiri uzito kwenye "moja", nao hauko pale. Mzunguko wa maneno na gita unafunga kwenye 10, na kile kimya cha 11 ndicho kinachomtega anayepiga makofi kwa furaha. Jizoeze kwa solea, ni ya polepole, gusa paja kwa kidole kimoja. Tangos ni mapigo manne, nyepesi kwa kila mtu. Siguiriya iacheni kwanza, mazito yake yanapishana mbili, mbili, tatu, tatu, mbili.

Sikilizeni pia aina za makofi. Mwimbaji akiwa anaimba wanapiga ya viganja vilivyokunjwa kama bakuli, sauti ya chini isiyomfunika. Miguu ikianza wanageuza, vidole vya mkono mmoja juu ya kiganja cha mwingine, kali na kavu. Wapigaji wawili wazuri hawapigi pamoja: mmoja yuko juu ya pigo, mwenzake yuko katikati.

#27 Fundi Sauti
Na jaribuni hayo makofi mawili kwenye ukumbi wenye mwangwi. Mmoja na mwenzake wanageuka mtu mmoja. Narudi pale pale.

#28 Nyuzi Sita
Yanageuka mmoja kwa sababu wapigaji wenyewe hawasikilizani vizuri. Nami narudi pale pale.

#29 Mgeni Njoo
Rafiki yangu anauliza, tukisogeza safari mpaka Desemba tutakosa nini?

#30 Msafiri wa Jerez
Mtapata zaidi! Desemba Jerez ni msimu wa zambomba. Watu wanakusanyika uani kwa duara, wanaimba nyimbo za Krismasi kwa mapigo ya buleria na tangos, na ala yenyewe ni chungu kilichofunikwa ngozi na kuchomekwa mwanzi katikati. Unalowesha mkono, unausugua mwanzi, kinatoa mngurumo. Hapo mgeni anaruhusiwa kuimba viitikio. Zile za penya na vyama vya mitaa ni bora kuliko za baa za katikati ya mji, ambako Jumamosi huwezi hata kugeuka. Nendeni siku za kazi, mfike kabla ya giza, mvae joto kwa kuwa ua hauna paa, na chumba mkodi mapema.